Mizani haimjui dereva

Mbio zimekwisha. Breki bado zinanuka, dereva hajavua helmeti, na ofisa anamwelekeza kwa mkono aende moja kwa moja kwenye mizani. Magurudumu manne yanapanda vibao vinne. Tarakimu zinacheza kidogo kisha zinatulia: paundi 2,395. Kitabu cha sheria kinataka gari hilo, pamoja na dereva wake, lisipungue 2,400.

Paundi tano. Ni kama lita tatu za petroli.

Hakuna mjadala. Nafasi aliyoshika inafutwa.

Ukali huo sina ugomvi nao. Kinachonisumbua kwa wiki kadhaa sasa ni hiyo 2,400 yenyewe. Nani alikaa mezani akaamua kwamba gari la aina hii, likibeba uzito huu hasa, litakuwa limekutana kwa haki na gari lingine lenye injini tofauti, saspensheni tofauti na magurudumu ya upande mwingine ndiyo yanayovuta?

Kitabu cha SCCA, klabu ya Marekani inayosimamia mbio za ridhaa tangu miaka ya 1940, kina kauli ngumu kwenye sheria za Improved Touring: hakuna gari linaloahidiwa uwezo wa kushindana. Ukiisoma haraka utadhani ni watu wanaokwepa lawama. Nimeirudia mara nyingi, na kila nikiirudia naona ina ukweli ambao klabu nyingi zinaogopa kuuandika.

## Hesabu inayotoshea kwenye kiganja

Improved Touring ni mbio za magari ya kawaida ya barabarani yaliyoboreshwa kidogo, na yamegawanywa katika madaraja matano: ITR juu, kisha ITS, ITA, ITB, na ITC chini. Zamani uzito wa gari ulipangwa kwa macho na uzoefu wa wajumbe wa kamati. Baadaye wakakubaliana juu ya hesabu.

Chukua nguvu za farasi ambazo kiwanda kimetangaza. Zidisha kwa 1.25, kwa kuwa injini ikitengenezwa vizuri ndani ya sheria inakisiwa kuongeza asilimia 25. Kisha zidisha kwa namba ya daraja: 11.25 kwa ITR, 12.9 kwa ITS, 14.5 kwa ITA, 17 kwa ITB. Jibu ndilo uzito kwa paundi. Baada ya hapo yanakuja marekebisho madogo. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele linapunguziwa uzito, na punguzo hilo linakuwa kubwa zaidi kadiri daraja linavyokuwa la nguvu zaidi, maana magurudumu yaleyale mawili yanalazimika kuvuta na kukata kona kwa wakati mmoja. Lenye injini katikati linaongezewa.

Ubaya wa kupanga kwa macho unaonekana kwenye BMW 325 ya umbo la E36. Kiwanda kilitangaza farasi 189. Weka kwenye hesabu ya ITS: 189 mara 1.25 mara 12.9, unapata karibu paundi 3,048. Lakini gari hilo lilikuwa limeingizwa ITS kwa paundi 2,850, uzito uliopangwa kabla ya hesabu. Lilikuwa limepewa zawadi ya karibu kilo 90, na likafanya kile ambacho gari jepesi kupita stahili yake hufanya: likaanza kuwaacha wengine nyuma. Ikabidi libanwe, na waliokuwa wamelinunua kwa sababu sheria ilikuwa inawaruhusu wakajiona wameonewa.

Hawakuwa wamevunja sheria yoyote. Hilo ndilo linaloumiza.

## Asilimia tano za MR2

Sasa hesabu ipo, na imeandikwa mahali ambapo kila mtu anaiona. Mtu angedhani ugomvi umekwisha.

Angalia Toyota MR2 ya kwanza, iliyoingia Marekani kama gari la mwaka 1985. Injini yake ni 4A-GE, sentimita za ujazo 1,587, vali 16, farasi 112. Ni ileile iliyowekwa kwenye Corolla ya AE86. Katika ITB, 112 mara 1.25 mara 17 ni paundi 2,380. Lakini wajumbe walibishana kwa muda mrefu kama injini za vali nyingi katika daraja hilo zikisiwe kuongeza asilimia 30 badala ya 25. Kwa 1.30 jibu linapanda hadi 2,475.

Tofauti ya asilimia tano kwenye dhana imekuwa paundi 95, yaani kilo 43. Ni kama kumpakia mtoto wa darasa la saba kwenye kiti cha pembeni, mbio zote, msimu mzima.

Je, 4A-GE inaweza kuongeza asilimia 30? Ili kujibu, tazama sheria inaruhusu nini. Kemshafti, shafti inayofungua na kufunga vali, lazima ibaki ya kiwanda. Silinda inaweza kupanuliwa kwa inchi 0.040. Mbano wa hewa ndani ya silinda unaweza kupanda kwa nusu pointi. Njia za hewa kwenye silinda hedi zinaweza kulainishwa zifanane na manifoldi, lakini kwa inchi moja tu kutoka mdomoni. Manifoldi ya ekzosi ni huru, na kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inaweza kuandikwa upya.

Injini iliyotoka kiwandani ikiwa imenyongwa na ekzosi nyembamba na kabureta dhaifu itafurahi sana kupata uhuru huo. Ukifungua ekzosi peke yake, tayari umeokota farasi wengi. 4A-GE haikuwa hivyo. Kiwanda kilikwisha kuipa kemshafti mbili, vali nne kwa kila silinda na njia pana za hewa. Kilichobaki kuizuia ni kemshafti zenyewe, na hizo ndizo huruhusiwi kugusa. Injini ambayo kiwanda kiliifanyia kazi nzuri inaadhibiwa na dhana inayodhani kiwanda kilikuwa kivivu.

Hapa ndipo nilipokwama kwa siku nyingi. Kama dhana moja haifai injini zote, basi kila injini ipewe asilimia yake. Lakini asilimia hiyo utaipata wapi? Kwa mwenye gari, ambaye ana kila sababu ya kukuonyesha karatasi ya vipimo vya nguvu ya injini yake mbaya kuliko zote. Kwa mpinzani wake, ambaye amesikia kwamba kuna fundi fulani aliyepata farasi 20 zaidi. Kamati inayokubali ushahidi wa aina hiyo inarudi kulekule kwenye macho na uzoefu, ila safari hii imevaa koti la hesabu.

Jibu langu ni kwamba dhana ya jumla ibaki, na gari liondolewe kwenye dhana hiyo iwapo tu kuna karatasi za injini kadhaa, kutoka kwa mafundi tofauti, zilizotengenezwa hadi ukomo wa sheria. Injini moja haitoshi. Na asilimia iliyotumika iandikwe pembeni ya gari hilo kwenye kitabu, kila mtu aione.

## Usimpime dereva

Njia nyepesi zaidi, ile ambayo klabu ndogo huivamia kwanza, ni kutazama matokeo. Gari lile limeshinda mara tatu, basi liongezewe kilo 50.

Mashindano ya kulipwa yanaweza kurekebisha magari kwa matokeo kwa sababu waandaaji wana data ya kila gari, viwanda vinaleta madereva wanaofahamika viwango vyao, na matairi ni ya aina moja. Mbio za ridhaa hazina hata kimoja. Ukiwa na magari manane kwenye daraja, anayeshinda mara nyingi ni yule aliyefanya mazoezi, aliyefunga matairi mapya asubuhi hiyo, aliyeketi na fundi wake hadi usiku akipanga pembe za magurudumu. Ukimwongezea gari uzito, umemtoza kodi ya bidii.

Na uzito huo hauandikwi kwa jina lake. Unaandikwa kwa jina la gari. Kijana aliyenunua gari la aina hiyohiyo, limechoka, ambaye humaliza wa saba, naye anabeba kilo 50.

Kuna ubaya mwingine unaokuja polepole. Madereva wakijua kwamba ushindi mkubwa unaleta mzigo, wanaacha kushinda kwa nafasi kubwa. Anayeweza kuacha wenzake kwa sekunde kumi anawaacha kwa mbili. Baada ya msimu mmoja, namba zote ulizo nazo zimechezewa, na huna tena chochote cha kweli cha kupangia madaraja.

Hata mfumo wa kuzidisha muda wa kila daraja kwa kipeo chake, yaani namba iliyopangiwa daraja hilo, unaopendwa sana kwenye otokrosi za Marekani, mbio za gari mojamoja kati ya koni, una kasoro hii ndani yake. Vipeo vinatokana na muda wa madereva bora wa kila daraja. Daraja ambalo halijawahi kupata dereva hodari linaonekana la magari ya polepole, linapewa kipeo cha huruma, na siku dereva hodari akihamia huko anavuna.

## Uwiano sawa, magari tofauti

Watu wakichoka na haya yote husema: basi tugawe uzito kwa nguvu, yaishe. NASA ya Marekani, namaanisha ile klabu ya mbio za magari, imejenga madaraja yake ya Super Touring hivyo. ST2 ni paundi 8 kwa kila farasi, ST3 ni 10, ST4 ni 12, na kuna marekebisho ya matairi, giaboksi na mabawa juu yake.

Ni msingi mzuri. Lakini usiuamini peke yake.

Fikiria gari la kilo 900 lenye farasi 100, na jingine la kilo 1,800 lenye farasi 200. Uwiano ni uleule. Sasa yapeleke kwenye mnyoosho mrefu. Gari la ukubwa wa kawaida likifika kilomita 180 kwa saa, upande wa pwani ambako hewa ni nzito, hewa peke yake inakula kama farasi 65. Hewa haijali uzito wa gari. Inajali umbo na upana wake. Kwa hiyo gari dogo limebakiwa na farasi 35 wa kusukuma kilo 900, na kubwa limebakiwa na 135 wa kusukuma kilo 1,800. Uwiano uliokuwa sawa kwenye karatasi umegeuka karibu mara mbili kwa faida ya gari kubwa.

Peleka magari hayohayo kwenye barabara ya kona za karibu, na gari jepesi linaanza kudai chake. Linafunga breki baadaye, matairi yake hayachemki, na baada ya dakika 20 kanyagio la breki bado liko juu. La kilo 1,800 limeshaanza kumsihi dereva apunguze.

Kwa sababu hiyo daraja linalotegemea uwiano linahitaji pia mipaka ya uzito, chini na juu. Ukiruhusu kilo 900 na kilo 1,800 zikae pamoja, umekabidhi ushindi kwa yule anayechagua uwanja.

Matairi nitayapitia haraka, si kwa sababu ni madogo. Ni makubwa kuliko yote haya. Sheria nyingi husema tairi lisiwe na alama ya uchakavu chini ya 200, lakini alama hiyo hutolewa na kiwanda chenyewe kinachouza tairi, na matairi mawili yenye 200 ubavuni yanaweza kuachana kwa sekunde nzima kwenye mzunguko mmoja. Klabu ikiweza, iandike majina ya matairi yanayoruhusiwa na upana wake. Asilimia 25 au 30 ya injini haitakuwa na maana yoyote kama upande wa tairi umeachwa wazi.

## Hata gari likiwa moja

Wapo wanaosema suluhisho ni wote kuendesha gari la aina moja. Spec Miata ndiyo mfano mkubwa: Mazda Miata tu, saspensheni ileile, tairi lilelile. Ila Miata ilitengenezwa na injini ya lita 1.6 na baadaye 1.8, kwa hiyo hata huko kuna uzito tofauti na mabamba ya kubana hewa kwa baadhi ya miaka.

Mwaka 2014, kwenye fainali za SCCA zilizofanyika Laguna Seca, ukaguzi wa baada ya mbio ulifungua silinda hedi za Spec Miata za mbele na kukuta njia za hewa zimeguswa kinyume cha sheria, mahali padogo chini ya kiti cha vali. Madereva kadhaa waliomaliza mbele wakafutiwa matokeo. Gari moja, tairi moja, na tofauti ilikuwa imejificha mahali ambapo huwezi kupaona bila kufungua injini.

Nililichukua hilo kama somo juu ya sheria. Usiandike katazo ambalo huna muda, zana wala fundi wa kulikagua Jumapili saa kumi na moja jioni.

## Kupima kinachopimika

Ndiyo maana naipenda daino, yale marola yanayopima nguvu kwenye magurudumu. Haikuulizi umefanya nini ndani ya injini. Inauliza tu kinachotoka.

Lakini ijue vizuri kabla ya kuitegemea. Daino za aina tofauti hutoa namba tofauti kwa gari lilelile, kwa hiyo magari yote yapimwe kwenye mashine moja. Gia iwe ile yenye uwiano ulio karibu zaidi na 1:1. Na kumbuka kwamba hapa mwenye gari anataka namba ndogo. Atakuja na upepo pungufu kwenye tairi. Atakaza mikanda ya kufungia gari hadi tairi lizame kwenye rola. Ataleta injini iliyochemka. Kila kimoja kinaiba farasi kadhaa. Msimamizi apime upepo mwenyewe, afunge mikanda mwenyewe, apige mara tatu na achukue namba ya juu kabisa, si wastani.

Kontrol boksi yenye ramani mbili ndiyo kichwa kinachouma zaidi: ramani ya upole kwa siku ya kupimwa, nyingine kwa siku ya mbio. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa inafupishwa na kifaa cha GPS kilichofungwa ndani ya gari wakati wa mbio. Tuseme gari na dereva ni kilo 1,100, na kwenye sehemu tambarare, likiwa kilomita 120 kwa saa, linaongeza kilomita 7.2 kila sekunde. Kusukuma uzito huo peke yake kunataka kilowati 73. Ongeza kama 14 za hewa na 5 za tairi kuviringika. Unafika karibu kilowati 92, yaani farasi wasiopungua 120 kwenye magurudumu. Kama karatasi ya daino inasema 105, mwite mwenye gari.

## Turbo juu ya mlima

Kwetu, mazungumzo haya mara nyingi huanzia kwenye sisi (cc) za injini, yaani ujazo wake, kwa sababu tumezirithi kutoka kwenye rali. FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, huzidisha ujazo wa injini ya petroli yenye turbo kwa 1.7. Subaru ya sisi 1,994 inahesabiwa kama 3,390, inaingia na wakubwa, na mpaka hapo hakuna anayelalamika.

Chukua sasa Toyota Starlet GT yenye turbo, sisi 1,331. Mara 1.7 ni 2,263. Imevuka 2,000. Honda Integra Type R ya DC5, isiyo na turbo, ni sisi 1,998, kwa hiyo imebaki chini. Starlet ina farasi kama 135, Integra ina 220. Kwa kilo za kiwanda, takriban 830 na 1,180, ukiongeza dereva wa kilo 80, Starlet inabeba kilo 6.7 kwa kila farasi na Integra 5.7. Mdogo amewekwa daraja la juu na mkubwa daraja la chini.

Hiyo ni Mombasa.

Panda Nairobi. Kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ina uzito wa kama asilimia 84 ya ile ya pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kilekile, kwa hiyo farasi 220 wa Integra wanabaki kama 185, na sasa kila mmoja anabeba kilo 6.8. Turbo ya Starlet inazunguka kwa kasi zaidi na kurudisha sehemu kubwa ya hewa iliyokosekana. Magari yaliyoachana kwa kilo nzima pwani sasa yako bega kwa bega, na hakuna aliyegusa hata boliti.

Halafu kuna turbo iliyofungwa ristrikta, ile pete inayobana mlango wa hewa, kama magari ya rali ya Kundi N yaliyotumia milimita 32. Pete hiyo ikishafikia ukomo wake, hewa inayopita hutegemea msukumo wa hewa ya nje. Kwa hiyo nayo hupoteza nguvu mlimani, karibu sawa na injini isiyo na turbo, hasa mizunguko ya injini inapokuwa juu. Turbo mbili za ujazo mmoja zinaweza kuwa magari mawili tofauti kabisa kwenye barabara za Kiambu.

Namba 1.7 haijui lolote kati ya haya. Wala sisi hazijui.

Kama ningeulizwa na klabu ya bara inayoandika kitabu chake cha kwanza, ningesema wafute sisi kabisa. Wapime uzito gari likiwa na dereva, likitoka barabarani, na petroli iliyobaki ndani yake. Wapime nguvu kwenye daino moja iliyo karibu na uwanja wanaoshindania. Na kabla ya gari la kwanza kupanda, wazime masahihisho ya hali ya hewa kwenye kompyuta ya mashine. Masahihisho hayo yanadhani kila injini imepoteza nguvu kwa sababu ya mwinuko, na Nairobi huongeza zaidi ya asilimia 20 kwenye namba. Kwa injini isiyo na turbo utakuwa unaihukumu Integra kwa nguvu za Mombasa. Kwa Starlet ambayo turbo yake imeshafidia mwinuko, farasi 135 halisi watachapwa kama zaidi ya 160, na itapelekwa daraja ambalo haina namna ya kulifikia. Namba mbichi ndiyo iingie kwenye hesabu. Msimu ukihamia pwani, magari yasiyo na turbo na yale ya ristrikta yapimwe upya huko kabla ya mbio.